Siku ya Jina la Kiriaki

Kiriaki aliweza kukaanga steki sita na mayai kumi na mawili kwa mkupuo mmoja bila kuunguza hata ukingo wa yai, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuionja steki ya namna ile. Chakula cha mbele kilikuwa cha mbele, na cha nyuma kilikuwa cha nyuma. Mbele, kwenye meza za Kafe ya Nyota ya Kusini, wakata manyoya ya kondoo na wakulima wa ngano wa Yarrabin walikula steki, chipsi, mkate wa kuchoma na chai ya maziwa. Nyuma, upande wa pili wa pazia la shanga, Kiriaki na mumewe Panayoti walikula dengu na mboga za mwituni alizozichuma kando ya reli, vyote vikielea katika mafuta ya zeituni. Mafuta hayo, mwaka ule wa 1958, yaliuzwa katika duka la dawa peke yake, kwenye vichupa vya kutia matone masikioni. Mwenye duka aliwahi kumwambia Panayoti, kwa huruma, kwamba hajapata kuona familia inayosumbuliwa na masikio kama yao.

Kiriaki alikuwa ametoka kisiwa cha Kithira, huko Ugiriki, akiwa na miaka ishirini na sita. Posa yake ilikwenda na kurudi kwa barua, na ndani ya barua mlikuwa na picha ya Panayoti mwenye nywele nyingi nyeusi. Mtu aliyempokea bandarini Sydney, Australia, alikuwa na kipara kinachong'aa.

"Picha ni ya zamani kidogo," Panayoti alisema, akizungusha kofia mikononi.

"Naona. Na mimi meli imenizeesha, kwa hiyo tuko sawa."

Walicheka hadi mchukuzi wa mizigo naye akacheka bila kujua anachekea nini. Kiriaki alipenda kusema baadaye kwamba padri alikuja kuwaozesha siku ya Jumapili, lakini ndoa ilikuwa imekwisha fungwa tangu Alhamisi, pale bandarini.

Yarrabin ulikuwa mji wa barabara moja kubwa, maghala mawili ya ngano, kituo cha reli, na watu wenye haraka ya kula. Jina la Panayoti liliwachelewesha, wakamwita Pita. Jina la Kiriaki wakalikata hata likabaki Kei. Yeye hakukasirika. Alilivaa jina hilo kama aprini: asubuhi alijifunga, jioni akalitundika msumarini.

Kila Jumanne saa tisa alasiri alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa, kwa darasa la wageni. Mwalimu alikuwa Bi Winifred Cattermole, mke wa meneja wa benki, mwanamke mrefu aliyevaa glavu hata wakati wa joto. Alifundisha lugha, na pamoja na lugha alifundisha kile alichokiita namna ya kuwa mmoja wetu. Nchi moja, alisema, lazima iwe na mila moja. Vinginevyo watu watakuwa kama abiria walioketi behewa moja, kila mmoja akitazama dirisha lake. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichokisema, na hakuwahi kukosa Jumanne hata moja, mvua inyeshe au vumbi livume.

"Hapa kwetu, Kei," alifundisha siku moja, "mtu haendi kwa mtu bila kualikwa. Ni kumkosea adabu. Unapata kadi, unafika saa tisa, unaondoka saa kumi na moja, na kesho yake unaandika barua ya kushukuru."

Kiriaki alifikiri. Lugha yake wakati ule ilikuwa ya jikoni: mayai, chumvi, imeiva, haijaiva. Alichagua maneno kama anayechagua nyanya.

"Na mtu anataka watu nyumbani?"

"Anawaalika."

"Na hawezi kualika?"

"Kwa nini asiweze? Anajua kuandika."

Hapo ndipo penye kifundo, na Kiriaki hakuwa na maneno ya kukifungua. Tarehe saba Julai ni sikukuu ya Mtakatifu Kiriaki. Kule Kithira, kila mwanamke mwenye jina hilo hukesha akioka, asubuhi hufungua mlango, basi. Haaliki mtu. Majirani wanajua, ndugu wanajua, hata maadui wanajua, na wote huja. Mwenye siku ndiye anayewakirimu, na idadi ya viatu vilivyovuka kizingiti chake ndiyo inayomwambia yeye ni nani pale alipo. Kualika watu siku ya jina lako ni kukiri kwamba huna watu. Mama yake alikuwa akisema: "Aliyealikwa ameletwa na kadi. Asiyealikwa ameletwa na miguu yake."

Julai ya kwanza Kiriaki alikuwa mgeni mno na mgonjwa wa mafua. Julai ya pili alioka siku mbili, akafungua mlango wa nyuma, ule wa nyumbani, akaketi. Mbele watu walijaa kama kawaida, wakala steki, wakalipa, wakaenda zao. Mlango wa nyuma ulipitisha upepo, na paka wa jirani. Panayoti alikula vileja vya lozi wiki nzima, asubuhi na jioni, kwa uaminifu wa mume, hadi akaota chunusi.

Mwezi Juni wa mwaka wa tatu, Kiriaki alimwambia mumewe neno alilokuwa amelipika muda mrefu.

"Mwaka huu siku yangu ikifika, kafe tunafunga. Wasije wakasema walidhani tuko kazini. Mlango wa nyuma utakuwa wazi tangu asubuhi mpaka jua lizame. Mtu mmoja tu akiingia kwa miguu yake, nakaa hapa nizeeke. Asipoingia mtu, kabla ya Krismasi tunakwenda Sydney kwa binamu yako Stratis."

Panayoti aliacha kufuta glasi. Binamu Stratis alikuwa na duka la matunda huko Sydney, mtaa wenye kanisa lao na Wagiriki wa kutosha kugombana nao. Kila mwezi aliandika: njooni, mnafanya nini huko kwenye kondoo. Lakini Panayoti aliupenda Yarrabin. Alikuja pale akiwa kijana wa kuosha vyombo, akainuka hata akawa mwenye kafe, na kila asubuhi watu waliopita barabarani walimwita kwa jina, hata kama halikuwa jina lake hasa.

"Kafe haijawahi kufungwa siku ya kazi, mke wangu. Hata siku moja."

"Basi itaonja."

"Sawa, tufunge. Ila niruhusu nimdokeze Mavis. Nimdokeze tu. Mavis akijua, mji umejua."

Mavis alikuwa mhudumu wao, mwanamke wa miaka arobaini aliyezaliwa palepale, mwenye mdomo usiojua kufunga kifungo.

"Ukimdokeza umealika," Kiriaki alisema. Alimleta mbele ya picha ya Mtakatifu iliyotundikwa juu ya jiko. "Apa kwamba hutamwambia mtu ni siku gani."

"Unaniapisha mbele ya sufuria?"

"Mbele ya Mtakatifu. Sufuria ni shahidi."

Panayoti akaapa, na tangu siku hiyo akawa anatembea kama mtu aliyemeza kokwa ya pichi.

Tarehe saba iliangukia Jumatatu. Umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya uani ukawa mweupe kama chumvi. Kiriaki alikuwa amepanga meza tangu saa moja asubuhi: vileja vya lozi vilivyomwagiwa sukari ya unga, mikate ya tabaka yenye asali, maganda ya machungwa yaliyopikwa kwenye shira, mwanakondoo wa kuokwa na limau, na chupa tatu za kinywaji cha kisiwani kwao, kikali, chenye mdalasini na karafuu. Alivaa gauni lake la rangi ya zambarau. Panayoti alivaa suti yake moja tu aliyokuwa nayo, nyeusi, akapaka mafuta nywele chache zilizobaki pembeni. Kwenye mlango wa mbele alitundika kibao: LEO TUMEFUNGA. Sababu hakuiandika, maana alikuwa ameapa. Kisha akaenda kusimama kwenye lango la uani, akiutazama mtaa kwa uso wa mtu anayengojea hukumu.

Sasa, Mavis alikuwa ameambiwa Jumamosi, kwa sauti ya chini, kwamba Jumatatu asije kazini. Alipouliza kwa nini, bosi wake alitazama pembeni akasema, "Usiniulize, Mavis, tafadhali." Jumatatu hiyo, akienda posta, Mavis alikiona kibao. Akazunguka nyuma. Akamwona Panayoti langoni, suti nyeusi, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Hakuhitaji kuona zaidi. Yarrabin nzima ilijua kwamba duka halifungwi siku ya kazi ila kwa jambo moja.

"Wamefiwa," alisema Mavis kule posta.

"Nani kafa?"

"Mama, nadhani."

"Mama wa nani?"

"Wa mmoja wao. Wewe unataka cheti? Mtu kavaa nyeusi mpaka viatuni. Jumamosi alishindwa hata kuniambia, sauti ilimkatika."

Na mji ule, pamoja na kadi zake na saa tisa zake, ulikuwa na sheria nyingine ambayo Bi Cattermole hakuifundisha darasani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha yeye, alizaliwa akaikuta. Penye msiba hakuna kualikwa. Unapika, unafunika chakula kwa kitambaa safi, unapita mlango wa nyuma, na huulizi. Ilipofika saa tatu, majiko ya barabara nzima yalikuwa yakiwaka.

Kiriaki hakujua lolote katika hayo. Saa nne ilipita, akapanga upya vileja. Saa nne na nusu akatoa kiti kimoja mezani, ili vilivyobaki visionekane vingi mno. Alikuwa ameanza kujiambia kwamba Sydney nako watu wanaishi, aliposikia hodi.

Alikuwa Bi Cattermole, katika kofia nyeusi na glavu nyeusi, amebeba bakuli kubwa lenye pai ya nyama na viazi.

Kiriaki alisimama hajiwezi. Kati ya watu wote, huyu: mwanamke wa kadi. Amekuja bila kadi, siku yenyewe, asubuhi, na mikononi ana chakula, jambo ambalo hata Kithira si lazima.

"Pole, Kei," alisema Bi Cattermole, macho yamemlowa. "Pole sana, mpenzi wangu."

Neno hilo halikumshtua Kiriaki. Watu wa Yarrabin walisema pole kwa kila kitu: ukikohoa, ukibeba trei nzito, wakikukanyaga, ukiwakanyaga. Aliliweka bakuli chini, akamkumbatia mwalimu wake, akambusu shavu la kulia, shavu la kushoto, akamvuta ndani. Bi Cattermole, ambaye mumewe tu ndiye aliyewahi kumbusu hadharani, na hiyo ilikuwa siku vita ilipokwisha, akaona hii ndiyo huzuni ya Kigiriki, akaiheshimu.

Aliwekewa kijiko cha maganda ya machungwa na glasi ya maji. Akala. Aliwekewa kiglasi cha kinywaji. Bi Cattermole hakuwa mnywaji wa pombe. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuipinga. Lakini hakuwa mtu wa kuvunja mila ya msiba ya watu wengine mbele ya mfiwa. Akafumba macho akanywa. Alipoyafumbua, Kiriaki alikuwa amemjazia tena.

"Ni... ya moto," alisema Bi Cattermole.

"Karafuu," alisema Kiriaki kwa fahari.

Baada ya hapo mlango haukupumzika. Mavis aliingia na keki ya sponji, akamkumbatia Panayoti akalia begani mwake, naye Panayoti akampigapiga mgongoni bila kuelewa. Aliingia Sajini Doyle wa polisi, kofia kwapani, na pudini iliyopikwa na mkewe. Aliingia mzee Clarrie Nugent, mfuga kondoo, aliyekuwa akila kafe kila siku kwa miaka tisa bila kusema zaidi ya "kama jana". Yeye alileta paja zima la kondoo limefungwa gazetini, kwa kuwa alikuwa mjane na hakujua kupika. Wakaja wake za wakulima wawili wawili. Wote walivua kofia, wote walisema pole kwa sauti ya kanisani, na wote walipigwa busu mbili, wakalishwa, wakanyweshwa.

Kiriaki alikuwa juu ya mawimbi. Alicheka, alimimina, alikata mwanakondoo, alimwambia kila mtu "kula, kula, bado mwembamba," hata mke wa mwokaji mikate, ambaye tangu aolewe hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, akaomba kipande kingine.

Wageni walinong'ona ukutani.

"Anajikaza sana."

"Kila watu na msiba wao. Nasikia huko kwao wanacheza ngoma kabisa."

"Ukifa wewe, Harold, nami nitavaa zambarau."

"Nikifa mimi, chupa hii iwepo. Vaa utakavyo."

Ni Sajini Doyle aliyemvuta Panayoti pembeni, karibu na jiko. "Pita, kaka. Mazishi lini? Maana kama ni ng'ambo huwezi kwenda, lakini tunaweza kusimamisha ibada hapa. Vijana wa zimamoto wako tayari kubeba."

"Kubeba nini?"

Sajini alimtazama. Panayoti alimtazama Sajini, kisha kofia zilizopangwa kwenye kiti, zote nyeusi, kisha suti yake mwenyewe. Rangi ikamtoka usoni, ikarudi na nyongeza.

"Hakuna aliyekufa," alinong'ona.

"Hakuna?"

"Hata mmoja."

"Mimi nimefunga kituo, Pita."

"Ni siku ya jina lake. Mke wangu. Kwetu hufanywa hivi kila mwaka. Niliapa nisiseme. Sajini, nakuomba, usiseme. Amefurahi. Akijua, nimekwisha, nitauza matunda Sydney."

Sajini Doyle alikuwa mtu mwema, na mfukoni, kwa siri, alikuwa na vileja vinne. Lakini siri ile ilikuwa kubwa kuliko chumba. Haikufika dakika kumi, minong'ono ikabadilika sauti, mabega yakaanza kutikisika, Mavis akajiziba mdomo kwa leso aliyoilowesha kwa machozi muda mfupi uliopita. Hakuna aliyeondoka. Mzee Clarrie alisema tu, "Kwa hiyo naweza kuongezewa?"

Mgeni mmoja peke yake hakunong'onewa, kwa kuwa aliketi mbele kabisa na kwa kuwa walimwogopa. Bi Cattermole alikuwa kwenye kiglasi cha tatu, glavu amezivua. Kiriaki alikuwa akiondoa kitambaa kilichofunika ile pai, ili aikate. Kadi ndogo yenye ukingo mweusi ikaanguka.

Aliiokota. Kadi hatimaye, alifikiri, mwalimu ni mwalimu. Akaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, kama alivyofundishwa, naye Bi Cattermole akaitikia kwa kichwa kila neno lililotamkwa vema.

"Tu-na-shiriki ma-jonzi ye-nu. Mungu a-mpu-mzishe mare-hemu."

Marehemu, Kiriaki alilijua neno hilo. Lilikuwa kwenye kila tangazo lililobandikwa dirishani mwa kafe. Akamtazama Bi Cattermole.

"Marehemu nani?"

"Mama yako, mpenzi. Au wa Pita. Mavis hakuwa na hakika."

"Mama yangu ana mbuzi saba," alisema Kiriaki polepole. "Jumapili anacheza karata."

Bi Cattermole aligeuka. Aliona nyuso za watu wa mji wake, aliona Mavis amejificha nyuma ya Sajini, na akaelewa yote kwa mara moja. Wekundu ukampanda kutoka kwenye kola hadi kwenye kofia. Alisimama, akatafuta glavu zake, akaipata moja. "Kafe ilikuwa imefungwa," alisema. "Pita alivaa nyeusi. Tulidhani... Oh, Kei. Tumekuvamia nyumbani kwako. Bila kualikwa. Na mimi ndiye niliyekufundisha."

Panayoti alianza kusema jambo kwa Kigiriki, haraka haraka. Kiriaki aliinua mkono akamnyamazisha. Alikuwa akihesabu, lakini si viatu. Kwa mizani yake mwenyewe, hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya jina lake. Hata jina lenyewe hawakulijua. Wangekuwa wamebaki makwao na steki zao kama asingefunga mlango. Aliiona Sydney, duka la matunda, binamu Stratis akisema nilikwambia.

Kisha alimwona mzee Clarrie, ambaye hakujua kupika, na paja lake la kondoo ndani ya gazeti. Akamwona Sajini aliyefunga kituo. Akamwona mwenyekiti wa kamati ya kupinga pombe, amekunywa viglasi vitatu kwa sababu alidhani ndivyo mfiwa wa Kithira anavyofarijiwa. Watu hawa walidhani moyo wake umevunjika, wakaacha kazi Jumatatu asubuhi. Nani aliwaalika?

Kule Kithira kuna mambo mawili ambayo mtu huyaendea bila kuitwa: siku ya jina na siku ya kifo. Tangu afike hapa alidhani hawajui lolote katika mambo haya. Kumbe walikuwa wakijua lile gumu zaidi.

"Panayoti, nisaidie," alisema, kisha akabadili nia. "Hapana. Mimi mwenyewe."

Akageuka kwa wageni. Alichagua maneno, na safari hii hayakuwa ya jikoni tu.

"Kwetu, watu wanakuja bila kadi siku ya huzuni. Na wanakuja bila kadi siku ya furaha. Nyinyi mnajua nusu. Nusu nzuri." Alimshika Bi Cattermole mkono wenye glavu moja, akamketisha. "Nusu nyingine nitafundisha mimi. Leo darasa langu. Kaeni."

Kilichofuata hakikuwa kicheko cha adabu. Mavis alianza, akapiga ukelele kama wa ndege, na chumba kizima kikamfuata. Bi Cattermole alijaribu kukaza uso, akashindwa, akalia kwa kucheka hadi kofia ikamwinamia jicho moja. Harold, mume wa mke wa mwokaji, yaani mwokaji mwenyewe, alitoka mbio akarudi na kinanda chake cha mkono. Pai ikakatwa ikaliwa kando ya mwanakondoo wa limau. Watu wakaonja mafuta ya zeituni, na mwenye duka la dawa, akiwa na kipande cha mkate kilichochovywa, alisema kwa mshangao wa kisayansi, "Kwa hiyo hayakuwa masikio."

"Sasa hilo jina lako," alisema Bi Cattermole, "lisemwe vizuri. Tumekula chakula chake, hatuwezi kuendelea kulikata."

"Ki-ri-a-ki."

"Tena."

Alilirudia mara tano, kwa bidii ileile ya Jumanne, na wengine nyuma yake kama darasa. Mzee Clarrie alilisema sawasawa mara ya kwanza, jambo lililowashangaza wote, yeye zaidi ya wote.

"Na mimi siku yangu ni lini?" aliuliza Bi Cattermole. "Winifred."

Panayoti alifungua kalenda ya kanisa, akaipitia Januari hadi Desemba, akajikuna kipara. "Huyo hatuna, bibi. Lakini asiye na mtakatifu wake anasherehekea siku ya Watakatifu Wote."

"Wote kwa pamoja?"

"Wote."

"Basi itabidi nioke sana," alisema Bi Cattermole, na haikusikika kama malalamiko.

Wageni walianza kuondoka jua lilipokuwa limeshika maghala ya ngano, na baadhi yao hawakuwa wakitembea mstari mmoja. Panayoti alifunga lango, akavua koti, akamsaidia mkewe kuosha. Hatimaye akauliza, uso wake ukiwa ndani ya beseni.

"Basi Stratis nimwandikie nini?"

Kiriaki alikuwa akipanguza mabakuli ya watu na kuyageuza chini juu. Chini ya kila bakuli palikuwa na kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, ili lisipotee. Aliyapanga mezani. Yalikuwa kumi na moja.

"Mwandikie sina nafasi," alisema. "Bakuli halirudishwi tupu, na mimi nina kumi na moja ya kujaza."

Kesho yake saa nne asubuhi alivaa koti, akafunika bakuli la kwanza kwa kitambaa, akashika barabara. Ndani aliweka dengu zenye mafuta ya zeituni na majani ya mwituni, chakula cha nyuma, kwa mara ya kwanza kikipita mbele. Watu walimsalimu njiani kwa jina lake lote, wengine wakilivunja katikati, lakini wakilimaliza. Hakwenda mlango wa nyuma. Hakuna aliyekufa. Alipanda ngazi za nyumba ya meneja wa benki, akagonga mlango wa mbele.

Bi Cattermole alifungua akiwa na rola za nywele kichwani na aprini iliyojaa unga. Alitazama mtaa kushoto, akatazama kulia, akashika rola moja kana kwamba angeweza kuificha.

"Kiriaki. Darasa ni saa tisa."

"Najua. Sijaja darasani," alisema Kiriaki. "Nimekuja kwako."

Bi Cattermole alilitazama bakuli, akamtazama mgeni wake, mashavu yake mekundu kwa baridi. Kisha akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Ingia basi, usisimame hapo, utaganda. Nyumba haijafagiliwa na mimi niko hivi unavyoniona."

"Vizuri," alisema Kiriaki, akivuka kizingiti. "Ndivyo inavyotakiwa."